Kilichomo Ndani ya Inuka

Kazini walimwita Chujio. Jina hilo alipachikwa na wenzake wa maabara kwa sababu hakuna kitu kilichopita mikononi mwake na takataka zake, liwe rojo la majani au yawe maneno ya watu. Ukimwambia umesikia mti fulani unatibu, atakuuliza umesikia kwa nani, na huyo aliyekuambia alikuwa anaumwa nini, na nani alimpima kabla na baada. Mumewe, fundi wa friji, mtu mpole asiyependa mabishano, alikuwa akisema kwa utani kwamba kuishi na mke wa namna ile ni kuishi mahakamani: hata ukisema umechoka, unatakiwa kuleta ushahidi.

Kazi yake ilikuwa kupima majani. Watu walileta magunia kutoka kila upande, kila mmoja akiapa kwamba bibi yake alitibu kijiji kizima kwa majani hayo. Chujio hakuwacheka. Aliyakausha majani kivulini, akayasaga, sehemu akailoweka kwenye maji na sehemu kwenye spiriti, akachuja, kisha akavukiza mpaka likabaki rojo jeusi linalonata kama asali iliyoungua. Rojo hilo ndilo lililopimwa. Kama lilidaiwa kutibu vidonda, alilitia kwenye sahani za kioo zilizooteshwa vijidudu, aone kama vitakufa. Kama lilidaiwa kupunguza uvimbe, alilipima kwa panya weupe waliovimbishwa mguu. Mara nyingi jibu lilikuwa hapana, mara chache labda, na ndiyo ilikuwa adimu kama meno ya kuku. Hilo halikumsumbua. Aliamini kwamba hapana ya kweli huokoa watu wengi kuliko ndiyo ya kubahatisha.

Mumewe alikuwa na kaka mkubwa ambaye mtaani walimwita Tabibu, na yeye mwenyewe hakuwahi kulikataa jina hilo. Alikuwa na duka safi lenye mlango wa kioo, na ndani ya duka palikuwa na dawa moja tu, ya maji, nyeusi kama chai iliyokolea, kwenye chupa yenye picha ya jani. Iliitwa Inuka. Ilitibu magoti, mgongo, vidole vilivyokakamaa na maumivu yote ya viungo. Wala haikuwa dawa ya maneno matupu. Watu waliingizwa dukani wakiwa wameshikwa makwapani, na wiki iliyofuata walirudi wenyewe kwa miguu yao kununua nyingine.

Shahidi mkuu wa Inuka alikuwa mama yao. Alikuwa mshonaji tangu ujana, mwanamke mwenye ulimi mkali na kicheko kikubwa zaidi ya ulimi, lakini magoti yalikuwa yamemweka chini. Ngazi za nyumbani kwake alikuwa akizishuka kinyumenyume, kama fundi anayeteremka kutoka darini. Tangu mwanawe wa kwanza alipoanza kumletea Inuka, ngazi alizipanda huku akisimulia habari. Na si hivyo tu, alinenepa. Uso ulijaa ukawa duara, mashavu yakang'aa. Wageni walimsifia, wakamgeukia Tabibu na kumwambia kwamba mtoto wa namna hiyo ni mmoja kwa elfu. Tabibu aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu na kusema ni majani tu, ni Mungu na majani.

Basi ikafika siku Tabibu akataka cheti. Alitaka kuiuza Inuka mbali zaidi, kwenye maduka makubwa ya dawa, na huko walimwomba karatasi ya maabara. Akaleta gunia la majani na katoni la chupa pale alipofanya kazi shemeji yake. Chujio alikwenda kwa mkuu wa maabara siku hiyohiyo, akamweleza kwamba mwenye dawa ni ndugu wa mumewe, hivyo haifai yeye kuipima. Mkuu alicheka. Alikuwa mtu wa suti na tabasamu, na kiu yake kubwa ilikuwa kuonekana. Alisema hakuna mwingine anayejua kazi hiyo kama yeye, na tena kama dawa ni ya nyumbani, furaha nayo ni ya nyumbani. Miaka yote, alisema, waandishi wa habari wakija tunawaambia utafiti unaendelea. Safari hii tuwape kitu.

Chujio akaanza na majani. Alifanya yote kama kawaida yake, hakuruka hatua. Panya waliopewa rojo la majani walibaki na miguu iliyovimba vilevile, sawa na wale waliopewa maji matupu. Akaongeza kipimo. Hakuna. Akajaribu rojo la spiriti badala ya la maji. Hakuna. Yalikuwa majani ya kawaida kabisa, ya kumlishia mbuzi.

Kisha akawapa panya Inuka yenyewe, kutoka kwenye chupa. Uvimbe ukanywea kama mpira uliotobolewa.

Mwanzoni alidhani amekosea yeye. Akarudia na panya wengine. Jibu likawa lilelile. Ndipo akachukua tone la Inuka na kuliweka kwenye ukingo wa kibao cha kupimia, akalisimamisha ndani ya kimiminika kinachopanda polepole na kuvitenganisha vitu vilivyochanganyika, kama wino unavyotanuka kwenye karatasi mbichi. Pembeni yake aliweka tone la majani. Alipokimulika kibao kwa taa ya zambarau, njia ya majani ilikuwa na madoa yake hafifu. Njia ya Inuka ilikuwa na madoa hayohayo, na doa jingine moja, jeusi, nene, lisilo na aibu. Chujio alilijua doa lile. Alitoa kidonge kwenye kabati la vilinganisho, dawa zinazojulikana za kulinganishia, akakiyeyusha, akakiweka kwenye kibao kipya kando ya Inuka. Madoa mawili yakapanda mpaka kimo kimoja na kusimama bega kwa bega, kama mapacha.

Ilikuwa steroidi, vile vidonge vidogo vyeupe vya kutuliza uvimbe ambavyo daktari huviandika kwa tahadhari na kuvihesabia siku. Mtu akivinywa ovyo kwa muda mrefu, sukari hupanda, mifupa huwa kama chaki, ngozi hukwaruzika kwa kuguswa tu. Na uso huvimba ukawa duara, mashavu yakang'aa.

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Haikuja kwa kelele. Ilianzia miguuni ikapanda taratibu. Alikumbuka watu walivyompongeza mama mkwe wake kwa kunenepa. Alikumbuka Tabibu alivyoinamisha kichwa. Siku zote hizo walikuwa wakimsifia ugonjwa, na aliyempa ugonjwa alikuwa akipokea pongezi.

Alimpelekea Mkuu majibu. Mkuu aliyasoma mara mbili, akavua miwani, akamuuliza jambo moja.

"Inuka inapunguza uvimbe au haipunguzi?"

"Inapunguza," Chujio alisema. "Lakini si majani yanayopunguza. Ni vidonge vilivyosagwa humo."

"Sijakuuliza ni nini. Nimekuuliza inapunguza au haipunguzi. Andika hilo. Mengine ni maelezo ya ziada."

"Mkuu, hayo maelezo ya ziada ndiyo yatakayoua watu."

Mkuu alianza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alimwambia yeye ni nguzo ya maabara, kwamba kila mtu anamheshimu, kwamba mwenye busara hutazama mbele. Waandishi wa habari walikwisha alikwa. Alichotakiwa kuandika hakikuwa uongo hata kidogo, alisema, kila neno lingekuwa kweli. Chujio alimwangalia mtu mzima yule, msomi, mwenye picha zake ukutani akiwa amevaa joho, akajiuliza ni lini mtu hujifunza kuutumia ukweli kama shuka la kufunikia maiti. Alitoka bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake.

Jioni alimweleza mumewe. Fundi aligeuzageuza bisibisi mkononi. Hakubisha. Alijua mkewe hasemi jambo ambalo hajalichuja. Ila aliomba kitu kimoja: kabla ya kwenda kokote, azungumze kwanza na kaka yake. Damu nzito kuliko maji, alisema, tumpe nafasi ya kujirekebisha. Chujio hakupenda, lakini alikubali, na kesho yake akaenda dukani.

Tabibu alimpokea kwa bashasha, akamvutia kiti. Chujio hakukaa.

"Shemeji, ndani ya Inuka kuna nini?"

"Majani. Si nilikuletea gunia zima?"

"Majani nimeyapima, hayana kitu. Nauliza cha kwenye chupa."

Tabibu alikwenda kufunga mlango wa kioo. Aliporudi, bashasha ilikuwa imekwisha, lakini woga haukuwepo. Hakukana. Alisema watu hawamletei majina ya magonjwa, wanamletea maumivu, naye anayaondoa. Alisema madaktari nao wanaandika vidonge hivyohivyo, kosa lake ni lipi? Chujio alimjibu kwamba daktari anajua nani ana sukari na nani ana presha, na zaidi ya yote anamwambia mtu anameza nini.

"Na Mama?" aliuliza. "Mama naye ulimtia kwenye kundi la wateja?"

"Mama anapanda ngazi," Tabibu alisema. "Wewe na elimu yako yote, ulimpandisha ngazi gani?"

Neno lile lilimchoma, kwa sababu lilikuwa na chembe ya kweli ndani yake, na uongo uliokolezwa kweli ndio mchungu kuliko wote. Lakini hakuja kushindana. Alisogea karibu, akapunguza sauti, akamwambia hata kama mengine yote atayatupa, hili moja alishike: asimkatishe Mama ghafla. Mwili wa mtu aliyezoeshwa vidonge vile huacha kutengeneza kichocheo chake cha asili, na ukimnyang'anya kwa mara moja, huanguka. Wampeleke hospitali pamoja, waseme ukweli, apunguziwe kidogo kidogo. Tabibu alisikiliza. Akatikisa kichwa kukubali. Akaomba apewe mpaka mwisho wa wiki ajiandae, maana si rahisi mtu kumwambia mama yake jambo kama lile.

Kumbe alichosikia katika maneno yote yale ni kwamba siri imetoka. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mama yake, akakusanya chupa zote zilizokuwepo, akamwachia nyingine. Za safari hii zilikuwa na majani matupu yaliyochemshwa. Kama mtu angekuja kupima dawa anayokunywa mama wa Tabibu, angekuta majani safi, hayana doa.

Siku chache baadaye Mama alianza kulegea. Alisema kizunguzungu, akasema tumbo, akatapika. Tabibu alimwambia ni uchovu. Asubuhi moja jirani alisikia kishindo bafuni.

Chujio alipopigiwa simu na mumewe alikuwa kazini, na alikimbia na koti lake jeupe la maabara mpaka hospitali. Alimkuta Mama kitandani, macho yamefumba nusu, midomo imekauka. Wanawe wote walikuwa wamezunguka kitanda. Daktari wa zamu, mwanamke kijana mwenye sauti tulivu, alikuwa anauliza dawa ambazo mgonjwa amekuwa akitumia, na ilionekana si mara ya kwanza kuuliza.

"Hatumii dawa yoyote, daktari," Tabibu alikuwa anasema. "Ni majani tu, ya asili."

Chujio alisimama mlangoni, akadhani hakusikia vizuri. Katika kazi yake alikuwa amekutana na waongo wengi. Kuna waliodanganya wasiaibike, na kuna waliodanganya kwa sababu nao walikuwa wamedanganywa. Lakini mtu aliyesimama kando ya kitanda cha mama yake mzazi, akijua kabisa ni kitu gani kinamtoa roho, na bado akachagua kumzika na siri yake, huyo alikuwa hajamwona. Alipita katikati ya mashemeji na mawifi mpaka mbele ya daktari.

"Amekuwa akinywa steroidi kwa muda mrefu," alisema. "Mwenyewe hajui. Imechanganywa kwenye dawa ya maji. Mimi ndiye niliyeipima. Na nadhani ameachishwa ghafla."

Daktari hakuuliza zaidi. Aliutazama uso ule wa duara, akafunua shuka, akaona madoa ya damu iliyovilia kwenye miguu iliyokonda kama ya mtoto. Aligeuka akauliza ni nani aliyekuwa akimpa. Macho yote yalikwenda sehemu moja.

"Ni majani tu," Tabibu alisema tena, safari hii chini chini.

Mumewe Chujio, ambaye kwa miaka yote hiyo hakuwahi kumpandishia kaka yake sauti, hata sasa hakuipandisha.

"Kaka, Mama anakufa," alisema. "Sema."

Tabibu alitazama sakafu. Daktari alikwisha geuka kumwagiza muuguzi alete sindano. Hakuwa na haja ya kungoja ulimi wa mtu ufunguke.

Mama hakufa. Jioni alifumbua macho akauliza nani amemvua kilemba chake, na mawifi wakalia na kucheka kwa pamoja.

Chujio aliandika taarifa yake usiku huo na kuikamilisha kesho yake: majani peke yake, chupa peke yake. Mkuu alikataa kutia saini. Chujio akaichukua mwenyewe mpaka kwenye ofisi inayosimamia dawa, akakaa kwenye benchi mpaka mtu mwenye mamlaka alipompokea. Wakaguzi wa ofisi hiyo walikwenda dukani, wakakuta ndoo ya unga mweupe nyuma ya pazia. Duka likafungwa, na Tabibu akapelekwa kuhojiwa, kisha akaachiwa nje kwa dhamana akisubiri kesi. Mkutano wa waandishi wa habari uliahirishwa, na Mkuu akamhamishia Chujio chumba cha kuoshea vyombo vya kioo, kwa maelezo kwamba anahitaji kupumzika. Alilipokea agizo hilo akiwa amesimama wima. Kisha akaandika malalamiko, akayapeleka ngazi ya juu yake, na bado anangoja jibu, na kila wiki huenda kuliuliza.

Hayo aliyategemea. Asichotegemea ni watu. Mawifi wawili waliacha kumsalimia, wakisema amemtia ndugu yao pingu kwa ajili ya sifa. Wateja wa Inuka walimtafuta mpaka kazini. Mzee mmoja, seremala, alimwonyesha vidole vyake vilivyopinda akamwambia: nilikuwa nashika randa, umenirudisha kwenye kitanda, sasa unanipa nini badala yake? Chujio hakuwa na cha kumpa zaidi ya kumwelekeza hospitali. Alirudi kwenye sinki lake na kusugua chupa kwa nguvu mpaka moja ikapasuka mkononi. Hakuwa na hasira na yule mzee. Hasira zake zilikuwa kwa mtu aliyemtapeli mgonjwa mpaka mgonjwa akamwona anayemfumbua macho ndiye adui.

Mama alirudi nyumbani akiwa na vidonge vyake ndani ya bahasha ya hospitali, vikipunguzwa kidogo kidogo kwa maelekezo ya daktari. Magoti yalirudi na maumivu yake. Kwa muda mrefu hakuligusa jambo lile, na Chujio aliyemwogesha na kumkanda hakumharakisha. Hatimaye siku moja Mama akaagiza mwanawe wa kwanza aitwe. Tabibu alikuja amekonda, akapiga magoti mbele ya kiti chake. Alianza kusema alifanya kwa mapenzi, hakupenda kumwona akiteseka. Mama alimwacha amalize.

"Ungeniambia," alisema. "Ungesema, Mama, hivi ni vidonge, vitakupandisha ngazi lakini vitakula mifupa yako. Huenda ningekubali. Kwa maumivu yale, mwanangu, huenda ningekubali. Lakini mwili ni wangu. Ulininyima hata kuchagua."

Tabibu alilia. Mama hakumfuta machozi, wala hakumfukuza. Aliuliza ni watu wangapi wengine wanakunywa Inuka, naye akasema hajui, ni wengi, na wengine wanaishi mbali na wana akiba ndani. Mama akamgeukia mkwe wake.

"Na hao wakimaliza chupa walizonazo?"

"Wataanguka kama ulivyoanguka," Chujio alisema. "Ofisi imetangaza, lakini si wote wanaosikia."

Kesho yake Mama aliomba kiti. Fundi alikibeba, na mama yake akatembea kwa mkongojo nyuma yake, akisimama kila baada ya nyumba chache kuvuta pumzi na kuyatukana magoti yake. Kiti kilipowekwa mbele ya duka lililofungwa, alikaa hapo kama askari wa zamu. Watu waliokuja na chupa tupu mkononi walimkuta yeye. Aliwaambia wasiache kwa ghafla, waende hospitali leo, si kesho, na wakifika huko wasiseme majani, waseme steroidi. Neno lilimpa taabu mwanzoni, Chujio akamfundisha mpaka likakaa ulimini.

Wengine walimshukuru. Wengine walimwona mzee aliyechanganyikiwa. Mwanamke mmoja aliyetoka mbali alimwambia bila haya kwamba hiyo ni fitina tu, kwamba mwenye duka amepigwa vita na wenye wivu, na yeye kama mtu mzima asitumiwe na maadui wa kijana wa watu.

"Huyo kijana wa watu nimemzaa mimi," Mama alisema.

Akapandisha gauni mpaka magotini, akamwonyesha miguu yake yenye madoa meusi, palepale barabarani, mchana kweupe. Yule mwanamke alitazama. Kisha akaweka mfuko wake chini, akachuchumaa mbele ya kiti, akamwomba alirudie lile neno polepole.